Majina Kwanza, Jiwe Baadaye



Katika baraza za Mtoni, baada ya sala ya alasiri, mazungumzo ya siku hizi yamegeukia jambo moja, nalo ni kwamba mahali petu hapa padogo napo pawekwe jiwe la ukumbusho wa watu waliokwenda katika Vita Vikuu vya mwaka 1914 hata 1918 wasirudi. Wako wanaotaka mnara, wako wanaotaka kisima cha maji kiandikwe maneno, na wako wasemao kwamba bamba la marumaru ukutani latosha. Na wote kwa pamoja wamekwisha kuanza kushindana juu ya nani aalikwe kuvuta pazia siku ya kulifunua, na nani akae katika kiti cha mbele.

Sisi hatulipingi jiwe. Twalitaka. Walakini twaona kwamba kazi imeanzwa kwa upande wa mwisho. Mafundi wa mawe wapo, na kitambaa cha pazia chaweza kununuliwa kwa siku moja. Kilichokosekana ni orodha. Tuliuliza barazani: Je, katika jiwe hilo wataandikwa nani na nani? Tukajibiwa kwamba litaandikwa "Mashujaa Wetu", na hayo yatosha. Twasema kwa adabu, lakini kwa nguvu zetu zote, kwamba hayatoshi.

Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Karani yeyote katika sisi aujua ukweli wa maneno hayo. Akija mkaguzi wa hesabu akaona jumla imeandikwa chini ya ukurasa, na juu yake mistari ni mitupu, hatatusifu kwa uzuri wa mwandiko. Atauliza jumla ile imetoka wapi. Basi jiwe lililoandikwa "Mashujaa Wetu" bila ya jina hata moja ni jumla isiyokuwa na mistari. Nasi ambao kazi yetu ya kila siku ni kujaza mistari, hatuna haki ya kulipokea.

Mtu akisimama pwani ya Mtoni, karibu na magofu ya kasri ya Sayyid Said, akaangalia baharini, huviona visiwa vilivyo mbele ya bandari ya Unguja. Kimoja katika hivyo ni Chapwani, ambacho Waingereza walikiita Kisiwa cha Kaburi. Humo wamezikwa mabaharia wa manowari Pegasus. Alfajiri ya Jumapili, tarehe 20 Septemba 1914, manowari hiyo ilikuwa imetia nanga bandarini, mitambo yake ikitengenezwa, ndipo ilipotokea manowari ya Kijerumani, jina lake Königsberg, ikaipiga kwa mizinga hata ikaharibika kabisa, kisha ikazama. Mabaharia waliokufa walizidi 30. Wengi wao walitiwa pamoja katika kaburi moja. Na juu ya hayo, kila mmoja jina lake limehifadhiwa, na cheo chake, na tarehe aliyofariki. Mjukuu wa baharia yule, akitoka Uingereza leo, aweza kuvuka kwa mashua akamsomea babu yake dua kwa jina.

Hatuwaonei kijicho mabaharia wale. Walikuwa vijana waliotumwa, wakafa mbali na mama zao. Twataka kusema tu kwamba mambo waliyotendewa wao ndiyo kipimo. Ikiwa watu waliozikwa katika shimo moja waliweza kuandikwa kila mmoja kwa jina lake, basi hapana wa kutuambia kwamba jambo hilo haliwezekani.

Sasa tuwatazame watu wetu. Vita vya Afrika Mashariki vilidumu miaka minne na zaidi, wala havikuisha siku ile bunduki ziliponyamaza Ulaya. Jenerali von Lettow-Vorbeck aliweka silaha chini tarehe 25 Novemba 1918, huko Abercorn, ambako leo ni Mbala katika nchi ya Zambia. Katika muda huo wote majeshi yalipita katika nchi ambayo mbung'o waliwaua farasi na ng'ombe wa kukokota, na magari yalizama katika matope ya masika. Kwa hiyo kichwa cha mtu ndicho kilichokuwa gari la vita. Mpagazi alibeba risasi, akabeba unga, akabeba mizinga iliyofunguliwa vipande vipande, na wagonjwa akawabeba katika machela. Wanahistoria hukadiria kwamba upande wa Waingereza peke yake uliwatumia wapagazi kiasi cha milioni moja, na kwamba waliokufa katika hao hawapungui 95,000.

Na wengi wao hawakufa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, na malaria, na kichomi, na unga wa mahindi usiopikwa ukaiva, maana hapakuwa na muda wala kuni. Kisha mwisho wa vita ikaja homa kuu ya mafua ya mwaka 1918, ikawakuta wengine njiani wakirudi kwao, vita vimekwisha.

Unguja haikuwa mbali na mambo hayo. Mwaka 1916 Askofu Frank Weston wa Unguja aliunda kikosi cha wapagazi wa Unguja, akapewa cheo cha Meja, akaenda nao barani kwa miguu. Jina la Askofu limo katika vitabu vingi. Twamwuliza msomaji: aweza kututajia watu watano katika wale waliomfuata na mizigo vichwani? Hatumlaumu Askofu, kwani alikubali kutembea walipotembea watu wake. Twaonyesha tu jinsi kalamu inavyochagua.

Wala si kweli kwamba watu hao hawakuandikwa. Waliandikwa. Jeshi la wapagazi lilikuwa na makarani wake. Mpagazi alipewa nambari, na nambari hiyo ikapigwa katika kibati alichokivaa shingoni, kwa sababu pasipo nambari hapana hesabu ya mshahara. Basi jina lilikuwapo wakati wa kubeba, likawapo wakati wa kuhesabiwa. Lilitoweka wakati wa kukumbukwa. Na waliolishika jina hilo mikononi mwao, wakalitia wino, walikuwa makarani, watu wa kazi yetu hii. Kwa sababu hiyo twasema kwamba jambo hili latuhusu sisi kuliko linavyowahusu mafundi wa mawe.

Msomaji atauliza: ilikuwaje hata majina yakaachwa? Tume ya Kifalme ya Makaburi ya Vita iliundwa mwaka 1917, na sharti lake kubwa lilikuwa kwamba wafu wote watatendewa sawasawa, bila ya kutazama cheo, rangi wala dini. Katika Ufaransa na Ubelgiji sharti hilo lilishikwa kwa uaminifu, hata mtoto wa bwana mkubwa na mtoto wa mkulima wakapewa mawe ya namna moja. Lakini huku kwetu wakubwa wa zama zile waliona kwamba Mwafrika hajui maana ya jiwe la kaburi, na kwamba kumwekea jiwe lake ni kupoteza fedha za umma. Kwa hiyo wengi wa askari, na wapagazi karibu wote, wakaachwa bila ya jiwe wala jina.

Waliosema hayo hawakufika Kizimkazi. Katika msikiti wa Kizimkazi, hapa hapa Unguja, kuna maandishi yaliyochongwa katika jiwe yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijra, ndio mwaka 1107. Watu wa pwani hii walikuwa wakiandika majina na tarehe katika mawe kwa karne nyingi kabla haijazaliwa serikali iliyosema kwamba hawajui maana yake. Na wale wa bara ambao hawakuchonga mawe, waliyahifadhi majina ya wazee wao kwa ulimi, kizazi baada ya kizazi, wakiyataja kila walipotambika. Hapana watu wasiojua maana ya jina la maiti wao.

Badala ya majina, zikasimamishwa sanamu. Mwaka 1927 ilifunuliwa sanamu ya Askari katika Dar es Salaam, pale ambapo zamani ilisimama sanamu ya Mjerumani Wissmann. Mwaka 1928 zikafunuliwa sanamu za Nairobi, na Mombasa nayo ina zake. Zote ni kazi ya mchongaji mmoja, Mwingereza James Alexander Stevenson. Ni kazi nzuri, nasi hatuzidharau. Katika Nairobi yumo mpagazi pia, amesimama pamoja na askari, na hiyo ni heshima aliyostahili. Maneno yaliyotiwa chini yaliandikwa kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, nayo yalitungwa na mshairi Rudyard Kipling. Maneno hayo yanamwahidi mpiganaji kwamba watoto wake watalikumbuka jina lake. Msomaji ayatie moyoni hayo: jiwe laahidi kwamba jina litakumbukwa, na lenyewe halina jina hata moja! Ni sawa na stakabadhi iliyotiwa sahihi na muhuri, pasipo kuandikwa imepokewa nini wala kutoka kwa nani.

Ilipita karibu miaka mia moja kabla ya neno hilo kukiriwa hadharani. Mwezi wa Aprili 2021 Tume ile ile, ambayo sasa yaitwa Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ilitoa ripoti juu ya kazi yake yenyewe. Ilikiri kwamba watu kati ya 45,000 na 54,000, wengi wao Wahindi, Waafrika wa Mashariki na wa Magharibi, Wamisri na Wasomali, walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao. Ikakiri tena kwamba wengine wasiopungua 116,000, na pengine wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa; na wengi wa hao ni watu wa Afrika Mashariki na Misri. Serikali ya Uingereza ikaomba radhi Bungeni.

Radhi ni neno jema, nasi tumelipokea. Walakini tazameni hesabu hizo kwa jicho la karani. Kati ya 116,000 na 350,000! Tofauti ya hesabu hizo mbili ni watu 234,000. Karani aliyepotelewa na shilingi kumi hutolewa jasho mpaka ziandikwe zilipokwenda. Hapa wamepotea watu wa kuijaza miji kadhaa, na hapana awezaye kusema kama walikuwapo au hawakuwapo. Hiyo ndiyo maana ya kutokuandika majina. Asiyeandika jina la mmoja, mwishowe hupoteza hata hesabu ya wote.

Na kwamba kazi hii yawezekana, tunao ushahidi. Katika Vita Vikuu vya Pili, tarehe 12 Februari 1944, meli Khedive Ismail ilizamishwa na Wajapani katika Bahari ya Hindi, ikichukua watu wengi, miongoni mwao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki waliokuwa wakipelekwa Ceylon. Ilizama kwa dakika chache, na zaidi ya watu elfu wakafa. Askari wale hawana makaburi, bahari ndiyo kaburi lao. Lakini majina yao yameandikwa katika Ukumbusho wa Afrika Mashariki uliomo makaburini Nairobi. Basi maiti asiyekuwa na kaburi aweza kuwa na jina. Tena mwezi wa Januari 2025, katika Cape Town, ulifunuliwa ukumbusho wa watu zaidi ya 1,700 wa Afrika Kusini, wengi wao weusi, waliokufa wakifanya kazi za vita pasipo kushika bunduki. Waliofanya kazi ile hawakuanza kwa sanamu. Walianza kwa kufungua nyaraka za zamani na kutafuta majina, kisha kila mtu akasimamishiwa nguzo yake ya mbao, jina lake limo. Miaka zaidi ya mia ilikuwa imepita, na majina yakapatikana, kwa sababu karani mmoja wa zamani aliandika vizuri na karani mwingine hakuchoma karatasi.

Unguja yetu nayo ilikuwa na njia yake ya kukumbuka. Mwaka 1925 ilifunguliwa pale Mnazi Mmoja Beit el Amani, Nyumba ya Amani, iliyochorwa na John Sinclair, kuwa ukumbusho wa amani iliyopatikana baada ya vita. Twaiona ile kuwa fikira ya busara. Badala ya mtu wa shaba mwenye bunduki, Unguja ilipata nyumba yenye kuba, ya kuwekea vitu na elimu. Na kwa kuwa ni nyumba ya elimu, kila kilichowekwa humo kilitiwa kijikaratasi cha kukieleza: ngoma, na samaki, na sarafu. Kwa miaka mingi lilionyeshwa humo sanduku la dawa la Dokta Livingstone.

Sanduku hilo latukumbusha jambo ambalo kila karani wa Kiafrika apaswa kulijua. Alipofariki Livingstone kijijini kwa Chitambo mwezi wa Mei 1873, watu wake, wakiongozwa na Chuma na Susi, walimchukua mwendo wa miezi mingi hata pwani, na mwaka 1874 akapitishwa Unguja kwenda kuzikwa London. Miongoni mwao alikuwamo kijana Jacob Wainwright, Mwafrika aliyefundishwa kusoma na kuandika. Kabla ya safari kuanza, yeye ndiye aliyeandika orodha ya vitu vya marehemu, kimoja kimoja, kisha akachonga jina na tarehe katika mti. Alifanya kazi ya karani katikati ya msitu, na maiti amelala mbele yake. Na kwa kuwa mambo ya msafara ule yaliandikwa, leo tunawajua Chuma na Susi kwa majina. Twauliza: ikiwa Mwafrika aliliandika jina la Mzungu katika mti ili lisipotee, je, sisi tutashindwa kuandika majina ya babu zetu katika karatasi?

Pengine atasema mtu kwamba haya ni mambo ya fahari tu, na jina juu ya jiwe halimlishi mtu. Aliyesema hivyo hajakaa katika nyumba iliyopotelewa. Kwa sheria tuliyoizoea, mke wa marehemu hukaa eda miezi minne na siku kumi, kisha yu huru kuolewa. Lakini mke wa mtu asiyejulikana kama yu hai au amekufa akae eda tangu siku gani? Mali yake igawanywe lini? Shamba lake la mikarafuu, au hata minazi yake mitatu, iwe ya nani? Kadhi hawezi kutoa hukumu juu ya uvumi. Karatasi moja yenye jina la mtu, jina la baba yake, na tarehe, ingeweza kumfungua mwanamke kutoka katika kungojea kwa miaka mingi. Vivyo hivyo mshahara wa mpagazi aliyekufa, ambao warithi wake hawakuweza kuudai kwa kuwa hawakuambiwa kwamba amekufa. Na hata khitma. Wenye maiti wao husoma kwa tarehe, na wasiojua tarehe husoma kwa kubahatisha. Hiyo ndiyo hasara ya daftari lililofungwa, na walioipata si mashujaa wa maneno matupu; ni wajane na mayatima.

Liko na neno la pili tulilolisikia, nalo ni zito zaidi. Wasema wengine: vita vile vilikuwa vya Wazungu, havikuwa vyetu, watu wetu wengi walichukuliwa kwa nguvu, kwa nini tuvitukuze? Twajibu kwamba sisi hatuombi kuvitukuza vita. Kumtaja mtu kwa jina lake si kumsifu aliyemtuma. Tena kadiri alivyochukuliwa bila ya kutaka, ndivyo deni la kumtaja linavyozidi. Askari aliyejiandikisha kwa hiari alijua anakokwenda. Mpagazi aliyekamatwa njiani akatiwa kibati shingoni hakuwa na lake ila jina. Tukiliacha nalo, tutakuwa tumewasaidia waliomkamata.

La tatu ni kwamba kumbukumbu zimekwisha kupotea, wazee wamekufa, kwa hiyo tuandike "Mashujaa Wetu" yaishe. Sisi twaona kwamba hii ni hoja ya mtu mvivu. Kwanza tutafute, ndipo tuseme hayapatikani. Nyumba ya Nyaraka iko Kilimani, wala si mbali na Mtoni. Vitabu vya mirathi, hati za wakfu na madaftari ya makanisa yaweza kuwa na majina ambayo hapana aliyeyauliza. Na katika kila nyumba ya zamani kuna bibi anayejua kwamba fulani bin fulani aliondoka wakati wa vita asirudi, ingawa mwaka haujui.

Kwa hiyo twatoa shauri, nalo ni shauri la makarani, halina mapambo.

Chama chetu kichague watu watano wenye mwandiko safi na subira. Wapewe daftari moja lenye safu sita: jina la mtu, jina la baba yake, na la babu likijulikana, mahali alipokaa, kazi aliyoifanya, kama ni askari wa Keya au mpagazi au baharia au mpishi, mwaka alioondoka, na kama yajulikana, mahali alipofia, na ya mwisho, nani amelishuhudia neno hilo au limetolewa katika karatasi gani. Safu hii ya sita ndiyo roho ya daftari. Jina lisilo na shahidi lisiingizwe kwa sababu ya kumpendeza mtu, maana siku ikija kugunduliwa kwamba mmoja ni wa uongo, na wale wa kweli hawatasadikiwa.

Waangalie sana majina yanayofanana. Kila mmoja wetu anajua taabu ya kuwatafuta akina Juma Hamisi katika daftari la mishahara, na nyuma ya jina moja wamesimama watu kumi. Waangalie pia majina ya wale ambao wazee wao walikuwa watumwa, kwa kuwa utumwa ulikomeshwa Unguja mwaka 1897 tu, na wengi wao waliandikwa kwa jina moja pasipo la baba. Mtu wa namna hiyo asiachwe kwa kuwa safu ya pili ni tupu. Aandikwe kama alivyoitwa. Dunia ilimnyima la baba; sisi tusimnyime lake.

Wasibague. Mtu wa Mrima, Mmanyema, Mngazija, Mwarabu, Mhindi, wote walioondoka hapa kwetu waandikwe kwa taratibu ya herufi, wala si kwa cheo au kabila. Na akipatikana ambaye alichukuliwa upande wa Wajerumani, aandikwe naye. Mzigo wa upande ule haukuwa mwepesi kuliko wa huku.

Daftari likiisha kuandikwa, linakiliwe mara tatu. Moja likae katika Nyumba ya Nyaraka, moja msikitini au mahali pengine pa amana hapa Mtoni, na moja katika sanduku la Chama. Hapo ndipo atafutwe fundi wa jiwe. Tena tungependa jiwe liachwe na nafasi tupu chini, wala isionewe haya. Nafasi hiyo itasema ukweli kwamba wako ambao hatujawapata, na itamwalika kila mpita njia mwenye habari aje aitoe. Jiwe lililojaa maneno makubwa humwambia mtu kwamba kazi imekwisha; lenye nafasi humwambia kwamba bado.

Ama siku ya kulifunua, twapendekeza iwe tarehe 25 Novemba, kwa kuwa ndiyo siku vita vilipokwisha kwa mtu wa Afrika Mashariki. Mkubwa yeyote atakayealikwa atakaribishwa kwa heshima yake yote. Lakini pazia livutwe na mkono wa mjukuu wa mmoja wa walioandikwa. Viti vya kivulini wapewe wenye maiti wao, na wenye vyeo, nasi tukiwamo, tusimame juani muda wa saa moja; hakuna aliyekufa kwa kusimama saa moja pasipo mzigo. Wala hotuba zisiwe nyingi. Lisomwe daftari, jina baada ya jina, polepole, mpaka mwisho. Yakiwa majina kumi, yasomwe kumi. Likipatikana moja tu la kweli, lisomwe hilo moja, kisha watu waombe dua, waende zao.

Twajua kwamba katika wanachama wako watakaosema kwamba tumewapa kazi isiyo na malipo, na kweli haina. Lakini serikali hizi zote zilizopita juu yetu, tangu enzi ya kasri hata leo, zilisimama juu ya kalamu za makarani, na kalamu hizo ziliandika yaliyoamriwa. Mara hii hapana aliyetuamuru. Jumapili ijayo baada ya alasiri tutakuwa barazani Mtoni na daftari jipya, safu sita zimekwisha kupigwa mstari. Mwenye babu aliyeondoka asirudi, na aje atutajie jina lake, nasi tutaliandika.